Bosi anakukeshesha studio kila wikiendi? Soma hii kabla hujagombana nae

Hii nawaandikia nyie mnaoediti video za harusi, nyie mnaodizaini mabango na kuprinti fulana pale Mwanjelwa na Kabwe, Mbeya, nyie wa redio ambao mwaka wa pili sasa mnaitwa wa kujitolea, nyie mnaoshika kamera Iringa mjini, Njombe na Makambako na mkirudi geto alfajiri hata viatu hamvui mnalala hivyo hivyo. Kazi yetu ni nzuri na mi naipenda kuliko kazi yoyote, ila kwa sababu tunaipenda ndo maana mabosi wengi wamezoea kutulipa maneno. Utaambiwa hapa sisi ni familia. Utaambiwa bado unajifunza, subiri. Utaambiwa kuna vijana kibao wamemaliza chuo wanaitaka hiyo nafasi yako hata bure. Inawezekana yote ni kweli, lakini hakuna hata moja hapo linalofuta saa ulizofanya kazi.

Kwahiyo mwongozo huu wote unazunguka kitu kimoja tu, kuziandika saa zako na kujua uzifanyie nini. Bosi mbaya ukimsema kijiweni hapungukiwi kitu, na ukimjibu mbele ya wateja utaonekana wewe ndo huna adabu, na huku kwetu Nyanda za Juu Kusini ukishaitwa huna adabu hakuna anayekusikiliza tena hata kama haki ni yako.

Anza na daftari, leo leo

Nunua daftari la kawaida la shule. Usitegemee simu peke yake, simu inaibiwa, inaharibika, na wengine simu mnayotumia ni ya ofisi na siku ukiondoka inabaki. Kila siku unaandika tarehe, umeingia saa ngapi, umetoka saa ngapi, umefanya nini, nani kakutuma, umekula saa ngapi, na hela yoyote uliyopewa au uliyotoa mfukoni. Andika siku hiyo hiyo kabla hujalala, ukisema utakumbuka kesho hutakumbuka.

Ukurasa mmoja unakuwa hivi:

"Jumamosi 14 Juni. Studio saa 1 asubuhi, kuchaji betri na kufuta kadi. Saa 3 saluni kwa bibi harusi, Soweto. Saa 8 kanisani. Saa 10 picha za nje. Saa 1 usiku ukumbini. MC kafunga saa 7 usiku. Saa 8 nimerudisha vifaa studio, nimekopi kadi zote kwenye ekstano (hadidiski za nje) mbili. Nimetoka saa 9 kasoro usiku. Chakula: saa 5 usiku ukumbini. Boda nimejilipia 3,000. Nimeambiwa kesho saa 3 asubuhi nianze kuediti hailaiti (video fupi ya matukio)."

Hayo tu, usiandike matusi wala umejisikiaje, maana siku moja hilo daftari linaweza kusomwa na mtu asiyekujua na unataka akute tarehe na saa, siyo kilio.

Pamoja na daftari jenga tabia ya kuripoti kwa meseji. Ukifika unamwandikia bosi "shikamoo kaka, nimefika studio", ukimaliza unaandika "kaka vifaa vyote nimerudisha, nafunga, saa 9 kasoro". Hakuna bosi anayechukia kijana anayeripoti, tena ataona una nidhamu, na wakati huo huo WhatsApp inakuwekea tarehe na saa ambazo hakuna wa kuzibishia. Voisi zake za saa 6 usiku za kudai marekebisho usizifute. Piga skrinshoti, tunza nje ya simu, kwenye barua pepe yako au Google Drive yako mwenyewe. Ila usichukue kazi za wateja wala mafaili ya ofisi ukasema ni ushahidi, hapo unamtengenezea yeye kesi dhidi yako.

Sasa usome ule ukurasa na sheria pembeni

Tanzania tuna Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini Na. 6 ya mwaka 2004 na haina mlango wa pembeni kwa ajili ya studio wala matbaa wala redio. Saa za kawaida ni zisizozidi 9 kwa siku na 45 kwa wiki, siku za kazi zisizidi 6 kwa wiki. Zaidi ya hapo ni saa za ziada, na saa za ziada ni kwa makubaliano, siyo kwa kuambiwa tu "leo hatulali". Hata mkikubaliana siku nzima ukijumlisha na ziada isizidi saa 12, na ndani ya wiki 4 saa za ziada zisizidi 50. Ukishafanya kazi zaidi ya saa 5 mfululizo unastahili mapumziko ya saa nzima. Kati ya kumaliza kazi na kuanza tena kuwe na saa 12, na kila wiki kuwe na saa 24 za kupumzika mfululizo.

Angalia ile Jumamosi. Kuanzia saa 1 asubuhi mpaka saa 9 kasoro usiku ni kama saa 20, halafu kaitwa Jumapili saa 3 asubuhi, yaani kapata saa 6 za kwenda nyumbani, kuoga, kulala na kurudi. Siku moja tu imevunja vitu vitatu, kikomo cha saa 12 kwa siku, mapumziko baada ya saa 5, na saa 12 kabla ya kuanza tena, na kijana mwenyewe anadhani ndo kazi ilivyo.

Kwenye hela ni hivi. Saa ya ziada inalipwa mara moja na nusu ya saa ya kawaida. Kazi ya siku yako ya mapumziko ya wiki ni mara mbili, sikukuu ya kitaifa pia mara mbili. Kazi ya usiku, yaani kuanzia saa 2 usiku mpaka saa 12 asubuhi, ina nyongeza isiyopungua asilimia 5 kwa kila saa. Kujua saa yako moja ni shilingi ngapi chukua mshahara wa mwezi, gawanya kwa 4.333 (wastani wa wiki kwenye mwezi mmoja), kisha gawanya kwa saa zako za kawaida za wiki. Mfano mshahara ni 300,000 kwa mwezi, wiki ni saa 45, saa moja inakuja kama 1,539. Ya ziada inakuwa kama 2,308. Ya siku ya mapumziko kama 3,077. Ukikuta mwezi wa sita una saa za ziada 62, kwanza umeshapita kiwango cha 50 ambacho kilitakiwa kiwe mwisho, na pili hapo kuna kama shilingi 143,000 ambazo hazipo kwenye bahasha yako. Hiyo ni kodi ya chumba ya miezi kadhaa kwa mtaa kama Ilomba au Kihesa. Ukishaiona kama namba unaacha kujisikia vibaya kuidai.

Kuna watu wanapewa cheo cha umeneja ili wasidai. Ni kweli kanuni hizi za saa haziwahusu wale wanaosimamia wafanyakazi wengine kwa niaba ya mwajiri na wanaoripoti kwa uongozi wa juu moja kwa moja. Lakini kama umeitwa meneja wa studio na unaosimamia ni taa na stendi, huna mtu chini yako, cheo cha mdomo hakikuondoi kwenye sheria.

"Mi sina mkataba, mi nipo kama frilansa tu"

Hili ndo linawanyamazisha wengi kuliko yote kwahiyo naomba tulieni hapa. Wengi mnaamini bila karatasi huna haki. Siyo hivyo. Sheria ya Taasisi za Kazi Na. 7 ya 2004 inasema mtu atachukuliwa kuwa ni mwajiriwa mpaka ithibitishwe vingine kama lipo hata moja kati ya haya: jinsi unavyofanya kazi inaamuliwa na mwingine, muda wako wa kazi anaupanga yeye, wewe ni sehemu ya ile ofisi, umemfanyia kazi wastani wa saa 45 au zaidi kwa mwezi katika miezi 3 iliyopita, unamtegemea yeye kwa kipato, vifaa vya kazi anakupa yeye, au humfanyii mtu mwingine ila yeye tu. Hata moja linatosha. Sasa wewe kamera yake, kompyuta yake, ratiba yake, fulana yenye nembo yake, na ukimwambia Jumamosi una kazi yako binafsi anakasirika. Utaitwaje frilansa?

Na suala la maandishi ni wajibu wake, siyo wako. Mwajiri anatakiwa akupe maelezo ya kazi yako kwa maandishi, na mkifika kwenye shauri akashindwa kuyatoa, mzigo wa kuthibitisha au kukanusha kile unachodai mlikubaliana unakuwa wa kwake. Yaani kutokuandikishana ambako anadhani kunamlinda ndo kunamuumiza.

Wale wa fildi na wa kujitolea, hesabuni kwa vigezo hivyo hivyo. Mwanafunzi aliyekuja wiki chache na barua ya chuo, akasimamiwa, akajazwa fomu, ni mafunzo na hakuna ubaya. Lakini mtu anayesoma taarifa ya habari kila siku alfajiri mwaka mzima, anatafuta matangazo, anafunga na kufungua ofisi, halafu anapewa nauli tu, huyo anafanya kazi ya mtu ambaye ingebidi alipwe.

Kama wewe kweli ni frilansa, kamera yako, unachukua dili kwa watu tofauti, basi mambo yako ni ya mkataba wa kawaida na hayo ya juu hayakuhusu sana. Chukua nusu kabla hujatoka nyumbani, andika kwenye meseji ni saa ngapi unaanza na ngapi unamaliza na kila saa ya nyongeza ni shilingi ngapi, video ya kuangalia iwe na nembo katikati, na faili safi litoke baada ya salio kuingia. Basi.

Jinsi ya kuongea nae

Usiongee siku ya kazi. Usiongee ukumbini, usiongee mkiwa kwenye gari mmechoka wote, usiongee mbele ya mteja wala mbele ya mke wa bosi. Jumatatu vifaa vinarudi na wateja wa Jumamosi wanapiga simu, mara nyingi Jumanne au Jumatano asubuhi ndo ametulia. Omba muda siku moja kabla: "Shikamoo kaka, naomba kesho asubuhi kabla wateja hawajaanza kuja tuongee dakika kumi."

Ukikaa nae anza na heshima ya kweli maana wengine kweli walitupokea hatujui hata kushika kamera, halafu nenda kwenye namba haraka. Kitu kama hiki:

"Kaka mi kazi naipenda na ulivyonipokea nashukuru. Nimepiga hesabu ya mwezi wa sita, nimeandika kila siku nilivyoingia na nilivyotoka, saa za ziada zimefika 62. Siwezi kuendelea hivi, mwili unagoma na kazi zenyewe zinaanza kuharibika. Naomba mambo mawili. Nikikesha Jumamosi, Jumapili nipumzike niingie Jumatatu mchana. Na hizi saa za mwezi wa sita tuone unanilipaje, hata kwa awamu."

Halafu nyamaza. Wengi wetu tukishasema tunaanza kujieleza, mara nisamehe bosi, mara siyo kwa ubaya, mpaka tunajikuta tumeyafuta wenyewe yale tuliyoyasema. Mwache yeye ndo ajaze ule ukimya.

Atakachosema nakijua kwa sehemu kubwa. Atasema kamati haijamalizia hela. Na hapo mara nyingine hasemi uongo, kamati za harusi zinalipa nusu, harusi ikipita mwenyekiti hapokei simu, na bosi nae ana pango la fremu na mkopo wa kamera. Mwonee huruma lakini usikubali kuwa wewe ndo benki yake. Mwambie sawa kaka, basi tuandike tarehe. Na ukiweza mpe wazo: salio lilipwe kabla ya siku ya harusi, siyo baada, na kwenye bei mnayompa mteja saa ya kufunga iandikwe, kwamba baada ya saa 6 usiku kila saa inaongezwa hela, maana hapo kinachotukesha wote ni sherehe kuchelewa kuanza na gharama ya kuchelewa kwao tunaibeba sisi.

Atasema "we si ulikuja hapa hujui kitu". Mjibu ni kweli kaka na nashukuru, ndo maana nimekuja kwako kwanza, halafu rudi kwenye 62. Atasema "kama umechoka acha, wapo wengi". Usijibu palepale, usiseme sawa naacha. Mwambie nimekusikia kaka naomba tuongee tena wiki hii, toka, na usiku huo andika alichosema na tarehe.

Baada ya kuongea, hata kama mmekubaliana kwa kicheko na kushikana mikono, mtumie meseji: "Kaka asante kwa muda wako. Kama tulivyoongea, nikikesha Jumamosi naingia Jumatatu saa 6 mchana, na saa za ziada za Juni utanilipa kwa awamu mbili, tarehe 15 na tarehe 30 Julai. Kama kuna mahali nimeelewa vibaya naomba unirekebishe." Akijibu "sawa" au dole gumba, tayari una maandishi.

Kuna jambo la huku kwetu ambalo vijana wa Dar wanaweza wasilielewe. Wengi kazi hizi tumepewa kwa kushikwa mkono, bosi ni mjomba, au anasali na mama, au shangazi ndo alimpigia simu. Ukimdai tu, jioni hiyo hiyo nyumbani Tukuyu au Mafinga wameshapigiwa kwamba mtoto wenu ana kiburi. Kwahiyo watangulie. Kabla hujaongea na bosi mpigie yule aliyekuleta, mweleze kwa utulivu kwamba shangazi kazi ipo na namheshimu ila nafanya kazi mpaka saa 9 usiku na Jumapili siendi kanisani, miezi mitatu sasa. Mama wa Kinyakyusa au wa Kihehe akisikia mtoto halali na Jumapili hasali atauliza maswali mwenyewe, na swali la mzee linamfika bosi tofauti na la kwako.

Utajuaje kama bosi ni mbaya au amezidiwa tu? Mpe namba uangalie miezi miwili. Aliyezidiwa atapunguza kitu, hata kidogo, ataongeza mtu wa kuediti, atakupa ile Jumapili. Mbaya atakuadhibu kwa kuuliza: utanyimwa safari zenye posho, utapewa kazi za usiku zaidi, utasemwa kwenye grupu. Ukiona hivyo acha kutafuta maneno mazuri zaidi ya kumwambia, anza maandalizi ya kuondoka.

Lenzi imeanguka, anataka akate mshahara wote

Hawezi kukata anavyojisikia. Kukata kwa ajili ya uharibifu lazima uwe umekubali kwa maandishi, iwe imetokea kazini na kwa kosa lako kweli, upewe nafasi ya kujieleza, isizidi gharama halisi, na makato yasizidi robo ya mshahara. Kwahiyo kama kamera imedondoka saa 8 usiku wewe ukiwa saa ya 19 kazini, ukurasa wa siku hiyo ndo maelezo yako, maana swali la kosa la nani hapo linabadilika kabisa. Usisaini karatasi ya kukiri deni usiku ule ule ukiwa unatetemeka, mwambie utasoma kesho.

Dada zangu

Bosi wa redio, prodyuza au mwenye studio anayekwambia kipindi utapata, video utatokea, mkataba utasainiwa ukimkubalia, huyo anafanya kosa la jinai. Rushwa ya ngono ipo kwenye kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007 na wa kuripoti ni TAKUKURU, na kwa unyanyasaji wa kingono unaweza kwenda pia dawati la jinsia na watoto polisi. Tunza meseji, usimjibu kwa utani maana utani wako utasomwa kama kukubali, na mwambie mtu mmoja unayemwamini siku hiyo hiyo ili kuwe na anayekumbuka tarehe. Usifuate "mazungumzo ya kazi" gesti wala ofisini baada ya wengine kuondoka. Wanawaambia kila mtu kwenye hii tasnia kapitia hapo. Ni uongo, na hata ingekuwa kweli isingekuwa halali.

Usingizi na barabara

Hapa sitaki mtu anichukulie poa. Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani walitoa utafiti mwaka 2021 wakionyesha kwamba kufanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki, ukilinganisha na saa 35 hadi 40, kunaendana na hatari kubwa zaidi ya kiharusi kwa asilimia 35 na ya kufa kwa ugonjwa wa moyo kwa asilimia 17. Marekani mwaka 1997 msaidizi wa kamera anaitwa Brent Hershman alikufa kwa ajali akijiendesha kurudi nyumbani baada ya siku ya kazi ya saa 19 kwenye seti ya filamu. Tokyo mwaka 2015 binti wa miaka 24 wa kampuni ya matangazo ya Dentsu alijiua, serikali ya Japani ikathibitisha kwamba ni kazi iliyopita kiasi ndo iliyomfikisha pale, alikuwa amevuka saa 100 za ziada kwa mwezi mmoja, na kampuni ikaja kutiwa hatiani mahakamani mwaka 2017. Hao walikuwa nchi tajiri, na maofisi makubwa.

Sisi tunatoka sendofu Makambako saa 8 usiku, wote ndani ya gari moja na dereva ni yule yule aliyeshika droni tangu asubuhi, ukungu umeshuka, malori ya Tunduma yamejaa barabarani, na Juni, Julai baridi ya kukuganda vidole. Au unatoka Morogoro kwenye harusi unapandisha mlima Kitonga usiku na macho yanafumba yenyewe. Hapo sema hapana kwa adabu zote na usimamie hapo: "Kaka hatuondoki usiku huu, tulale tuondoke asubuhi." Na ili isiwe ugomvi wa saa 8 usiku, iweke mapema kwenye bei ya mteja: kazi yoyote nje ya mji inayofungwa baada ya saa 4 usiku ina gharama ya gesti kwa timu nzima. Vyumba vya kawaida Makambako au Mafinga haviwezi kuwa kitu kinachovunja dili la harusi ya mamilioni. Mteja akiikuta kwenye karatasi toka mwanzo analipa.

Ukianza kusahau umeweka wapi kadi, unalia bila sababu, moyo unakimbia ukisikia mlio wa simu, hiyo siyo uvivu. Nenda hospitali, pata karatasi ya daktari. Likizo ya ugonjwa ipo kisheria, siku 126 katika mzunguko wa miezi 36, nusu ya kwanza kwa mshahara kamili na nusu ya pili kwa nusu mshahara. Likizo ya mwaka ni siku 28. Mjamzito hatakiwi kupangiwa kazi ya usiku kuanzia miezi 2 kabla ya kujifungua, na mapema zaidi akiwa na cheti cha daktari.

Kuondoka bila kupoteza chako

Usiondoke kwa hasira mwezi wa kumi na mbili halafu ukajikuta Kwaresima huna kitu, huku kwetu Kwaresima harusi zinakauka na kila studio inapunguza watu. Anza kuweka akiba kuanzia msimu baada ya Pasaka, na msimu wa Nane Nane pale viwanja vya John Mwakangale usikubali zile posho zote ziishie kwenye chipsi. Tengeneza potifolio yako ukiwa bado ndani, ila omba ruhusa kwa maandishi ya kutumia vipande vya kazi ulizofanya, kwa sababu kazi uliyoifanya ukiwa mwajiriwa kwa kawaida haki zake za kibiashara ni za mwajiri kama hamkukubaliana vingine. Kutambuliwa kwamba wewe ndo uliipiga au uliidizaini hiyo ni haki yako wewe mtunzi chini ya Sheria ya Hakimiliki Na. 7 ya 1999, na COSOTA, ofisi ya hakimiliki, ndo wa kuwauliza zaidi.

Pita NSSF uangalie kama michango inaingia. Jumla ni asilimia 20 ya mshahara na wewe usikatwe zaidi ya asilimia 10. Kuna watu wanakatwa kila mwezi na hela haifiki, ukijua mapema inafuatiliwa.

Kama unalipwa kwa mwezi toa notisi ya siku 28 kwa maandishi, baki na kopi iliyosainiwa kwamba imepokelewa. Omba cheti cha utumishi, ni haki yako siyo zawadi. Na kama yeye ndo amekufukuza, au amekufanyia mambo mpaka ukashindwa kabisa kukaa, angalia kalenda. Shauri la kuachishwa kazi isivyo halali linatakiwa lifike Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, ndani ya siku 30. Madai mengine kama mishahara na saa za ziada ni siku 60 tangu mgogoro ulipotokea. Watu wanapoteza haki zao hapa, wanakaa miezi mitatu wakingoja bosi apoe, wakija kushtuka muda umeisha na inabidi waanze kuomba kuongezewa muda kwa sababu nzito. Ujue pia kama hujafikisha miezi 6 kwa mwajiri huyo, kinga ya kuachishwa isivyo halali bado hujaipata, ila hela ya saa ulizofanya unaidai kama kawaida.

CMA ina ofisi Mbeya na Iringa na kufungua shauri hulipii. Unajaza fomu namba 1, unampelekea mwajiri nakala yake, unaonyesha uthibitisho kwamba ameipata, mnapangiwa siku ya usuluhishi. Pale siyo mahakamani, mnakaa mezani na msuluhishi. Beba daftari lenyewe, siyo picha yake. Beba skrinshoti zilizoprintiwa kwa mpangilio wa tarehe, meseji za malipo ya simu, na ile hesabu ya 4.333 umeshaifanya kwenye karatasi safi kwa kila mwezi, maana msuluhishi akiuliza unadai shilingi ngapi na wewe ukasema "nyingi tu" umeshashuka. Kama mko wawili watatu mliofanyiwa hivyo hivyo nendeni pamoja, madaftari matatu yanayosema Jumamosi ile ile mlitoka saa 9 ni vigumu sana kuyakana.

Mara nyingi bosi akiona barua ya CMA anatafuta kuyamaliza. Ni sawa, yamalize, ila usipokee hela kidogo mlangoni ukaambiwa mengine tutaongea. Iandikwe ni kiasi gani, ni cha nini, kinalipwa tarehe ngapi, na awamu ikichelewa inakuwaje. Soma mara mbili, kama kuna neno hulielewi muulize msuluhishi, ndo kazi yake. Ukishasaini, omba kopi yako palepale kabla hujatoka mlangoni.